Trei Namba Tisa

Tangu alipotiwa seli jana saa sita mchana, Mwanatumu alikuwa amesema jambo moja tu, na alilisema mara tatu.

"Ile trei mumeiweka wapi?"

Mara ya kwanza alimuuliza Konstebo Nicodemus, aliyemkamata. Mara ya pili aliuliza akiwa nyuma ya vyuma, alipoletewa chai. Mara ya tatu ilikuwa asubuhi hii, mbele ya Inspekta Rumaisa, aliyekuwa ameketi na faili lake katika kituo cha polisi cha Amu, kalamu mkononi, akingoja jibu la swali lingine kabisa.

"Mimi nimekuuliza zile fuwele umempa nani," Rumaisa alisema. "Wewe waniuliza trei."

"Naam, Bi."

"Trei iko dirishani hapo, mama," Nicodemus alidakia. Alikuwa kijana wa bara, mwezi wa nne huu tangu aletwe Amu, na bado hakuzoea kukaa kimya. "Inapunga upepo wa bahari. Hata mimi sijapewa dirisha kama hilo."

Mwanatumu aligeuka kutazama. Juu ya kizingiti cha dirisha palikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe, na jua la asubuhi lilikuwa limeshaufikia. Ndani yake mlikuwa na leso iliyokunjwa na kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo vidogo. Mwanamke alifumba macho, akayafumbua, kisha akatazama sakafu.

Rumaisa aliandika: *Anaogopa kielelezo.*

Faili lilikuwa jembamba. Katika tope la mikoko kuna kijidudu, na mtu akijikata mguu kwenye tope hilo kidonda hakifungi. Dawa za hospitali hukilaza siku mbili, kisha huamka. Wataalamu wa kituo cha utafiti kule Manda walikuwa wamegundua kinachokiamsha: protini moja inayoishika DNA ya kijidudu kama mkono unavyoshika kamba. Wakijua inashika wapi na vidole vimekaaje, dawa ya kuuachisha mshiko ule ingeweza kutengenezwa. Lakini hakuna hadubini ya kuuona mkono mdogo namna hiyo. Njia ni kuifanya protini na kipande cha DNA vigande pamoja, viwe fuwele, punje ndogo kama ya sukari iliyosagwa. Punje hiyo hugandishwa, hupelekwa ng'ambo, hupigwa eksirei, na madoa yanayotokea kwenye picha ndiyo yanayosomwa.

Mwezi wa saba, punje kumi na mbili zilisafirishwa ndani ya mtungi wa nitrojeni. Wiki iliyopita jibu lilirudi, neno moja tu. Chumvi.

Mkuu wa kituo, Daktari Jeilani, alipiga ripoti polisi siku ile ile. Punje zilikuwa za kweli, aliandika, alizitazama mwenyewe. Aliyezitoa kwenye trei na kuzitia mtungini ni mfanyakazi wake Mwanatumu, mwanamke wa Siyu. Basi ni yeye aliyezibadilisha kwa chumvi, na zile za kweli akampa mgeni mmoja wa hoteli aliyeondoka kwa ndege siku ya pili. Polisi walipokwenda kupekua walikuta trei moja imezungushiwa leso yake, imefichwa nyuma ya friji ya stoo.

"Kuhusu mgeni wa hoteli," Rumaisa alisema.

Nicodemus alitoa simu. "Nimeongea na mapokezi, Afande. Ni kweli huyu mama alimpelekea bahasha. Wamenitumia picha. Mzungu alipiga selfi na kilichokuwamo."

Picha ilimwonyesha mzee mwekundu kwa jua, amevaa kofia ya vito, ile ya matundu ya kudarizi, iliyoshonwa kwa mkono, vitundu vyake vidogo kuliko mbegu ya ufuta.

"Umeishona wewe?"

"Mimi, Bi. Miezi minne."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza kofia."

Rumaisa alitazama saa ya ukutani. Kabla ya saa sita mchana mwanamke huyu alitakiwa awe mbele ya hakimu au awe nje. Karatasi ya mashtaka ilikuwa imeshachapwa, ilibaki sahihi. Alisimama, akauchukua mfuko dirishani. Plastiki ilikuwa na joto mkononi.

"Twende Manda. Na yeye aje."

"Na mshukiwa, Afande?"

"Ndiye anayejua kilichomo. Wewe wakijua?"

---

Walivuka kwa mashua. Kituo cha utafiti kilikuwa nyumba ya zamani ya mawe, mali ya ukoo wa Jeilani, imeelekea Amu. Nyuma yake palikuwa na jabia, birika kubwa la mawe lililopakwa chokaa ndani, alilolijenga babu yake kukusanya maji ya mvua. Bwana Yunusi, mtunza nyumba, aliwapokea gatini na kumwamkia Mwanatumu kabla ya kuwaamkia polisi. Rumaisa aliliona hilo.

"Hawa wamekupa chochote cha kula?" Yunusi alimuuliza.

"Wamenipa chai."

"Chai ya serikali. Ndooni, karibuni jikoni, niwatilie ya kweli."

Walikunywa wamesimama, mlangoni mwa jikoni. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Yunusi alipolipindua birika la chai kumimina tone la mwisho, vipande vyembamba vyeupe vilianguka kikombeni mwa Nicodemus.

"Mzee, hii ni nini, ganda la yai?"

"Ni chokaa ya jabia, mwanangu. Mai yakichemka huganda tini ya birika. Haiui. Sisi twaila tangu babu zetu."

Nicodemus alikiweka kikombe chini taratibu. Rumaisa alimaliza chake.

Daktari Jeilani alikuwa maabara, ghorofa ya juu, madirisha yamefungwa na mashine ya baridi inanguruma. Aliporudi kutoka ng'ambo na shahada yake, mtaa mzima wa Mkomani ulimsomea maulidi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, mwembamba, ndevu zimechongwa vizuri. Hakumtazama Mwanatumu.

"Bi Rumaisa, kwa nini umemleta huku? Hapa ni mahali pa kazi."

"Na mimi niko kazini, Daktari. Nionyeshe jibu lililorudi."

Alimpa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mfano kutoka kitabuni: doa, doa, doa, mamia kwa mamia, yamesongamana kwa safu kama mishono. Ya pili ilikuwa picha ya punje zao: madoa machache makubwa meusi, yameachana mbali mbali.

"Protini ni kitu kikubwa, hutoa madoa mengi," Jeilani alisema. "Chumvi ni kitu kidogo. Hutoa hayo unayoyaona. Mtoto wa shule angeweza kutofautisha."

"Na kabla ya kuzituma mulizipima vipi?"

"Niliziangalia kwa hadubini. Zilikuwa na ncha kali, zang'aa. Nzuri kuliko zote tulizowahi kupata."

"Kwa macho tu?"

"Macho yangu yamesoma miaka kumi na moja, dada."

Rumaisa alienda kwenye rafu. Trei zilipangwa kwa namba. Namba thelathini hadi thelathini na sita zilikuwa na lebo ya mwezi wa tano na herufi J kwa wino wa bluu. Kila kishimo kilifunikwa kwa kigae chembamba cha kioo, na pembeni mwa kigae palizungushwa grisi.

"Zile kumi na mbili zilitoka humu?"

"Humo. Trei thelathini na thelathini na moja."

"Na hizi nyingine zote ulizifunga wewe?"

"Mimi. Hiyo ni sahihi yangu."

"Mtu akifungua kishimo kisha akifunge tena, itajulikana?"

"Haraka sana. Grisi ikivunjwa huingia mapovu. Hairudi ilivyokuwa." Alisema hivyo kwa fahari.

Rumaisa alitoa trei namba thelathini na tano, akaiinua kwenye mwanga. Duara za grisi zilikuwa safi zote, hakuna povu hata moja. Nicodemus naye aliinama, akahesabu, akatikisa kichwa.

"Hii haijaguswa tangu mwezi wa tano," Rumaisa alisema.

"Haijaguswa."

"Basi ndani yake mna punje za kweli."

Jeilani alivuta kiti, hakukaa. "Hizo hazijapimwa."

"Zipime sasa."

"Mpaka zipelekwe ng'ambo."

Sauti ya Mwanatumu ilitoka nyuma yao, karibu na mlango alipoambiwa asimame. "Hapana haja ya ng'ambo. Sindano yatosha."

"Nyamaza wewe," Jeilani alisema. "Umesoma mpaka darasa la nane, unataka kutufundisha?"

"Mwache," Rumaisa alisema. "Sindano vipi?"

"Munyu, hiyo chumvi yenu, hulia, Bi. Ukiugusa na ncha ya sindano wapiga kelele, ta. Ile yetu hailii. Hukubali tu, kama halua. Daktari mwenyewe ndiye aliyenifunza, mwaka wa kwanza."

"Ni kweli, Daktari?"

"Ni kipimo cha kienyeji. Kinahitaji mkono uliotulia."

"Basi tulia upime."

Jeilani aliichukua sindano. Alifunua kigae kimoja, akasogeza trei chini ya hadubini, akaipeleka ncha. Ncha ilipita kando ya punje. Alijaribu tena. Mara ya tatu aliiweka sindano mezani, akasema nuru haitoshi.

"Mpe mwenye mkono," Rumaisa alisema.

Nicodemus alimfungua pingu. Mwanatumu alijisugua vifundo vya mikono, akakaa, akaweka jicho. Vidole vyake vilikuwa na vidoa vya sindano ya kofia, vyeusi, vimepangana. Rumaisa akaizima mashine ya baridi ili wasikie.

*Ta.*

Sauti ilikuwa ndogo, kama ukucha juu ya kikombe. Kishimo cha pili. *Ta.* Cha tatu, cha nne.

"Hata mimi nimeisikia," Nicodemus alisema.

"Munyu," Mwanatumu alisema. "Yote ni munyu."

Rumaisa alivuta daftari. "Daktari, nisaidie. Huyu mwanamke alibadilisha punje kumi na mbili. Sawa. Na hizi, zilizofungwa na wewe, zenye sahihi yako, grisi haijavunjwa miezi mitatu, chumvi iliingia kwa mlango gani?"

Jeilani alikirudisha kigae juu ya kishimo.

"Hakuna aliyebadilisha kitu. Chumvi iliota humu humu. Sasa nataka kujua mbegu yake."

Rumaisa alifungua dirisha, akaita. Bwana Yunusi alipanda ngazi akipumua kwa nguvu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Bwana Yunusi, maji ya kazi ya hapa yatoka wapi?"

"Mombasa, Bi. Madumu. Yaja kwa lori hadi Mokowe, kisha mimi huyapokea kwa mashua. Kila dumu nalipigia mstari wa mkaa ukutani, stoo, nisije nikaambiwa nimekunywa."

"Mwezi wa tano mistari mingapi?"

Mzee alifikiri. "Hapana hata mmoya. Mafuriko yalikata ndia. Wiki tatu gari halikupita."

"Na kazi ilisimama wiki tatu?"

"Haikusimama." Yunusi alimtazama Jeilani, kisha akatazama kofia yake. "Daktari alinambia nimtekee mai ya jabia."

"Nani alikwambia? Si Mwanatumu?"

"Mwanatumu alikuwa kwao Siyu, amuuguza kakake. Famau, yule wa kidonda cha tope mguuni. Alinambia Daktari mwenyewe. Na mimi nikamtekea vizuri, nikachuja kwa kitambaa. Ni mai ya mvua, Bi. Kisima cha hapa ni munyu mtupu, mai safi ya nti hii ni hayo. Yeye amekua kwa mai hayo."

"Ndiyo maji uliyotupikia chai."

"Ndiyo hayo."

"Yenye chokaa."

Nicodemus alijifuta mdomo.

"Daktari," Rumaisa alisema, "dawa mnayotia ndani ya vishimo, ikikutana na chokaa, hufanya nini?"

Alikaa sasa. Alisema kwa sauti ya darasani, bila kumtazama mtu. "Tunatia fosfeti. Fosfeti na chokaa hushikana. Huota fuwele ngumu, na kwa kemia hiyo nayo ni chumvi. Nzuri sana kwa macho." Alisugua paji la uso. "Sikufikiri. Ni maji ya jabia. Tangu utoto watu wakitwambia ndiyo maji safi kuliko yote. Ng'ambo nisingeyagusa bila kuyapima. Hapa ni nyumbani, sikufikiri."

"Hilo ni kosa. Kosa halina seli." Rumaisa aligeuka. "Bwana Yunusi, swali la mwisho. Maji ya jabia mliacha lini kuyaleta huku juu?"

"Jumatatu ile, kabla ya mtungi kusafiri. Daktari alinambia nisiyalete tena. Akataka yale madumu niyaoshe kwa siki."

"Siki?"

"Siki, Bi. Ndiyo iondoayo chokaa. Nami nikaosha na birika langu la chai, nikasema nafasi imepatikana."

"Mtungi ulisafiri lini?"

"Alhamisi."

Rumaisa aliandika siku zote mbili, moja chini ya nyingine, akaligeuza daftari Jeilani alisome.

"Jumatatu ulijua ni chokaa. Alhamisi ukazituma. Jibu liliporudi ukaja kwetu ukasema umeibiwa."

"Wafadhili walitaka punje kabla ya mwezi wa saba kwisha, la sivyo kituo kifungwe." Jeilani alisema taratibu. "Nilisema moyoni, pengine moja kati ya kumi na mbili ni ya kweli. Moja tu ingetosha."

"Na yeye?"

"Mahakama ingemhurumia. Mwanamke, hakusoma, ni mara ya kwanza. Angepewa onyo."

"Angerudi Siyu na onyo," Mwanatumu alisema. "Niwaambie watu ni onyo la nini? Famau aoshe mguu wake mbele yangu, akiamini mimi ndiye niliyeuza dawa yake."

Nicodemus aliitoa karatasi ya mashtaka kwenye faili, akaichana vipande viwili, kisha akakumbuka ni mali ya serikali, akaviweka mfukoni.

Jeilani alicheka kidogo, cheko kavu. "Basi mumeshinda. Miaka miwili, na hakuna hata punje moja ya kweli."

"Ilikuwako moya," Mwanatumu alisema.

Wote waligeuka.

"Trei namba tisa, shimo la C nne. Ya mwezi wa kumi na mbili, ya mai ya Mombasa. Daktari, ulisema zile kumi za kwanza hazina kitu, nizitupe. Nilitupa tisa. Ile moya ilikuwa na kivumbi katikati, nikasema niingoje. Nikaizungushia leso isione mwangaza, nikaiweka nyuma ya ile friji mbovu ya stoo, pana baridi na hapatikisiki. Kila Ijumaa naitazama. Ijumaa iliyopita niliikuta imetimia. Yana ningekwambia."

"Jana," Jeilani alisema.

"Yana, adhuhuri, ukishamaliza kusali. Polisi walitangulia."

"Na kwa nini hukusema?" Rumaisa aliuliza. "Siku nzima nimekuuliza."

"Nikisema nina punje ya kweli, nyinyi mungeandika nini, Bi? Si mungeandika imepatikana? Mwizi na mali yake."

Rumaisa alifungua mkoba, akautoa mfuko. Jeilani alikuwa ameshasimama, mikono mbele.

"Nipe. Tafadhali. Polepole, usiinamishe. Ikiwa ni kweli, Mwanatumu ataitoa kwa kitanzi cha uzi sasa hivi, tuigandishe, kesho iko kwenye ndege. Itie baridi kwanza. Ilikuwa wapi tangu jana?"

Nicodemus alikuwa anatazama ukuta.

Rumaisa alikata utepe, akaandika saa: nne na dakika arobaini. Alimpa Mwanatumu trei kwa mikono miwili. Mwanatumu hakuiweka chini ya hadubini mara moja. Aliigusa kwanza kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayemgusa mgonjwa. Kisha akaiweka, akatazama. Alitazama muda mrefu. Alipoinuka alimpisha Jeilani, na Jeilani alitazama muda mfupi, akarudi kitini.

Zamu ya Rumaisa ilipofika, aliona duara la grisi limeyeyuka na kutiririka upande mmoja. Tone lilikuwa limekauka, limebaki ngozi. Katikati ya ngozi palikuwa na umbo la almasi, limepasuka njia nne, jeupe, halipitishi nuru.

"Mashua," Jeilani alisema. "Jua. Mumeipitisha baharini, mkaianika."

"Yaweza kuoteshwa nyingine?"

"Kwa protini gani? Iliyobaki yote iko ndani ya trei zile za chumvi. Na kwa kituo gani, baada ya leo?"

"Nilidhani ni kisahani tu," Nicodemus alisema. "Dirishani ndipo pa vielelezo. Kabati limejaa."

Rumaisa aliisogeza sindano mbele ya Mwanatumu. "Ipime."

"Sasa ya nini, Bi? Imeshakufa."

"Najua. Lakini faili linataka kujua trei uliyoificha ilikuwa na nini. Bila hilo atakuja mwingine aseme ilikuwa chumvi vilevile, na wewe ulikuwa ukicheza."

Mwanatumu aliishika sindano. Ncha ilishuka bila kutetemeka. Rumaisa alitega sikio, na Nicodemus, na mzee mlangoni. Hapakuwa na sauti yoyote. Chini ya kioo, almasi ilijimwaga ikawa unga.

"Hailii," Mwanatumu alisema.

Jeilani alipelekwa chini na Nicodemus, kwa kosa la ripoti ya uongo. Pingu zilikuwa ni zile zile, na hakupinga. Yunusi aliwatangulia kwenda kuiweka sawa mashua. Rumaisa alibaki juu na fomu ya vielelezo, akaijaza palepale kwenye meza ya maabara.

*Kielelezo cha kwanza: trei namba tisa. Hali wakati wa kupokewa: nzima. Hali ya sasa:* alifikiri, akaandika, *imeharibika.*

Mwanatumu alikuwa ameshika pindo la leso. "Naweza kwenda, Bi?"

"Waweza. Hati ya kuachiliwa nitakutilia sahihi hapa hapa."

"Na leso yangu?"

Rumaisa alitazama fomu. Leso ilikuwa kielelezo cha pili. "Bado. Mpaka kesi iishe."

Mwanatumu aliikunja mara nne, ncha juu ya ncha, akaiweka mezani kando ya trei. Alishuka ngazi. Mlango wa chini ulifunguka, na sauti ya Yunusi ilisikika kutoka gatini ikimwambia jambo.

Mstari wa mwisho wa fomu uliuliza kielelezo kilikuwa katika ulinzi wa nani. Rumaisa alilifungua daftari lake ukurasa wa asubuhi, akayasoma maneno mawili aliyoyaandika, *Anaogopa kielelezo*, akayakata kwa mstari. Kisha kwenye fomu akaandika jina lake mwenyewe, cheo, na saa.